Siku simu ya mtu ilipoitikia namba ya taa zangu kanisani Tunduma

Wakuu, shikamooni mnaostahili. Wengine mambo vipi.

Humu nimekuwa msomaji tu kwa miaka, nasoma nyuzi zenu nacheka peke yangu dukani mpaka wateja wananishangaa. Leo naandika ya kwangu. Hakuna chai hapa. Nilichokiona ndicho ninachokiandika, na palipo na uzembe wangu nitausema mwenyewe kabla hamjausema nyie.

Mimi ni fundi wa network na umeme mdogo mdogo hapa Tunduma. Kwetu ni Ileje.

Nina mdogo wangu wa kike, Sekela. Akiwa darasa la pili aliugua homa ya uti wa mgongo. Alipona, ila masikio hayakurudi. Kwa hiyo nyumbani wote tunaongea lugha ya alama, wengine vizuri, wengine kwa kubabaisha. Mimi niko kundi la pili, na yeye hanifichi.

Sekela anaongoza kwaya ya viziwi ya hapa mjini. Wako kumi na wawili.

Najua kuna mtu ameshacheka. Cheka umalize, kisha endelea kusoma.

Wanaimba kwa mikono. Kinanda kinapigwa, maneno ya wimbo yanaonyeshwa ukutani kwa projekta, na wao wanaimba kwa alama, wote kwa pamoja. Ukiwaona wakiwa wamepatana unasahau kabisa kwamba hujasikia sauti.

Shida yao ilikuwa moja. Mtu asiyesikia kinanda anajuaje muda wa kuanza? Anajuaje kwamba hapa ni kiitikio na hapa ni mwisho?

Zamani alikuwa anasimama mtu anayesikia mbele yao, anawapigia mkono. Gift, mpiga kinanda wao, anaanza, yule mtu anaonyesha, wao wanafuata.

Sasa, kila mwaka makanisa ya mkoa wetu yana siku ya mashindano ya kwaya. Wanakuja wa Vwawa, wa Hasamba, wa Mbangala, wa kwetu Ileje. Kila kwaya inapewa maksi, na baadaye inapewa karatasi ya majaji imeandikwa wapi mmefanya vizuri na wapi mmeharibu.

Kwaya ya kina Sekela haikuwahi kupewa karatasi hiyo.

Wao walikuwa wanaitwa "wimbo maalum". Wanapanda, akina mama wanafuta machozi, watu wanapiga makofi mengi kuliko kwaya zote, wanashuka. Basi. Hakuna anayesema wamekosea wapi.

Mwaka jana Sekela alimfuata mkuu wa majaji akamuuliza kwa nini wao hawapewi maksi. Huyu mama ni mwalimu wa watoto viziwi kule Vwawa, alama anazijua kuliko mimi. Hakumzungusha. Alimjibu, "Nikitoa maksi nampa nani? Nyinyi, au yule anayewaongoza kwa mkono?"

Mimi nilikasirika sana niliposikia. Nilisema maneno ambayo siwezi kuyaandika humu, mods wataniondoa.

Sekela hakukasirika. Siku ya pili alikuja dukani, akasubiri mteja aondoke, akaniuliza kama taa zinaweza kuwapigia mkono.

Wakuu, nikamwambia zinaweza. Sikuwa na uhakika wowote.

Nilivuka mpaka, nikaingia Nakonde upande wa Zambia, kwa jamaa mmoja anayeuza vifaa vya muziki, nikapata taa nne ndogo za jukwaa, zile za LED za kubadilisha rangi. Nilimwambia natotela, asante ya Kibemba, mpaka akachoka kuitikia. Tukazipanga chini, ukingoni mwa jukwaa, zimefichwa nyuma ya maua na kuelekezwa kwa wanakwaya. Watu waliokaa kanisani hawazioni. Wao kumi na wawili wanaziona vizuri.

Tukakubaliana hivi. Nyeupe ni kujiandaa. Bluu ni ubeti. Njano ni kiitikio. Nyekundu ni simama, mikono chini. Na taa inapiga mapigo kufuata kinanda cha Gift. Mimi nakaa nyuma kwenye meza ya mitambo na laptop, namsikiliza Gift, nabonyeza.

Mkuu wa majaji alikuja mazoezini kuona. Akasema sawa, taa ni kama kinanda, kila kwaya inakuja na mpiga kinanda wake, basi nyie njooni na mpiga taa wenu. Ila hakuna mtu kusimama mbele. Na zamu ikiwapita, mnarudi kwenye wimbo maalum.

Sekela alitikisa kichwa kukubali kabla hata mimi sijaelewa.

Sasa upande wa ufundi, nisiwachoshe.

Taa za jukwaa zinaongozwa na ishara inayoitwa DMX, inapita kwenye waya. Kutoka meza ya mitambo mpaka jukwaani ni kama mita sitini. Kwanza nilivuta waya wa mic, kwa sababu plagi zinafanana na ndio niliokuwa nao. Taa zikawa zinawaka zenyewe bila amri. Juu ya hayo waya unakatiza njia, mama mmoja wa maombi akajikwaa na Biblia yake. Nikauvua siku hiyo hiyo.

Lakini kanisani pale nilishavuta nyaya za network juu ya dari miaka ya nyuma. Mmoja unatoka meza ya mitambo unaingia ofisini kwenye router. Mwingine unatoka ofisini kwenda jukwaani.

Nikasema basi, amri za taa zipite humo humo.

Inawezekana kabisa. Laptop inatuma amri kwa network, kuna lugha yake inaitwa Art-Net. Jukwaani unaweka kiboksi kinachopokea zile amri na kuzigeuza kuwa DMX, kisha waya mfupi unaingia kwenye taa. Safi, hakuna mtu wa kujikwaa.

Kila kifaa kwenye network lazima kiwe na namba yake, ndipo amri ijue inakwenda wapi. Kiboksi changu nilikipa namba inayoishia na 50. Kwa nini 50? Basi tu. Namba nzuri, haisahauliki.

Huo ndio uzembe wa kwanza.

Jumamosi tulifanya mazoezi ya mwisho. Taa zilitii kila kitu. Gift alijaribu kunikwepa, akaongeza kasi ghafla, nikaenda naye. Sekela alinionyesha dole gumba, jambo ambalo hafanyi ovyo.

Uzembe wa pili ulikuja Jumapili asubuhi, na nilidhani ni wema.

Mnaoishi Tunduma mnajua hili. Mgeni akifika hapa, simu yake inadaka mtandao wa Zambia bila kumuuliza. Anashtukia ujumbe wa kumkaribisha Zambia wakati yuko kanisani Tanzania, kisha salio linayeyuka. Wageni wa Vwawa walianza kulalamika tangu getini. Kwetu hapa mgeni anapewa maji, anapewa kiti, na siku hizi anapewa password ya Wi-Fi.

Nikamwambia Katibu wa mashindano aibandike ya kanisa mlangoni. Ni mimi niliyemwambia, wala si yeye. Alifurahi, akaiandika kwa marker kwenye kipande cha boksi, herufi kubwa.

Kwaya zilikuwa tisa. Zamu zilipigiwa kura, kina Sekela wakaokota namba nne.

Kwaya ya kwanza ikaimba, ya pili ikaimba. Wa Hasamba walipopanda, wa tatu hao, mimi nikajaribu taa kidogo kidogo kule nyuma ya maua. Bluu, ikaja. Njano, ikaja. Nyekundu, ikaja.

Nikabonyeza nyeupe. Ikabaki nyekundu.

Nikabonyeza tena. Nyekundu. Baada ya muda ikaruka bluu yenyewe, ile niliyobonyeza zamani, kisha ikarudi nyekundu ikaganda.

Nyekundu maana yake simama, mikono chini. Kina Sekela wangepanda pale wangesimama hivyo hivyo mpaka zamu iishe.

Nilibadilisha waya wa laptop. Nilizima laptop nikaiwasha. Nilimwomba Mungu, na nilimwambia ukweli kwamba huwa simsumbui mara kwa mara. Nyekundu.

Nikapita pembeni mpaka mbele kwa Katibu, nikachuchumaa, nikamwomba kina Sekela wasogezwe wawe wa mwisho. Akasema namba iliyookotwa haibadilishwi, hata angekuwa mwanawe. Kisha akanipigapiga bega, kwa upole kabisa, akasema, "Fundi, si waimbe tu na yule mtu wa mbele kama mwaka jana? Watu watafurahi."

Watu watafurahi.

Sekela alikuwa ameniona. Yeye husoma uso wa mtu haraka. Akaniuliza kwa alama, taa zimekufa? Nikamwambia zinasumbua. Nikamwambia pia alichosema Katibu, kwa sababu sikuwa na haki ya kumficha.

Akanijibu, "Mtu wa mbele, hapana. Tutapanda. Wewe tengeneza." Kisha akageuka akaanza kuwapanga wenzake mstari.

Wakuu, kuna watu wanakupa moyo kwa maneno mengi. Huyu alinipa kazi tu.

Kilichotuokoa ni mnada. Wa Hasamba walipomaliza ilifika sadaka ya vitu, na kwetu sadaka ya vitu haina haraka. Kahawa, kuku wawili, boga, mkungu wa ndizi, kila kimoja kinanadiwa, na mnadi wetu ni mtu wa maneno. Nilijua nina muda mpaka boga liondoke.

Nikaenda nyuma ya maua nimeinama, nikachomoa kiboksi kabisa kwenye network. Nikarudi kwenye laptop. Kuna amri ya kuita namba uone kama inaitika, ma-IT mnaijua kama ping. Nikaita 50. Kiboksi kiko chini hakina waya, kwa hiyo ilitakiwa pawe kimya.

Ikaitika.

Nikaita tena. Ikaitika, haraka kabisa.

Nilicheka peke yangu kwa hasira. Router ya kanisa inagawa namba kwa kila simu inayoingia, kuanzia chini kwenda juu. Jumamosi zilikuwa simu ishirini hivi. Jumapili wageni wakaingia na password yangu ya mlangoni, zikapita hamsini, na router ikampa mtu namba 50 bila kuuliza kama ina mwenyewe. Mle kanisani kulikuwa na mtu amekaa na simu mfukoni anapokea amri za taa za mdogo wangu. Hadi leo sijui ni nani. Kama ulikuwepo siku ile na unasoma hapa, huna kosa mkuu.

Sasa najua kuna fundi ataniuliza kwa nini sikubadili namba ya kiboksi nikaweka ya juu huko. Swali zuri. Ningeweza. Ila kiboksi changu hakina vitufe, kinabadilishwa kwa laptop, ingebidi niipeleke jukwaani chini ya miguu ya mnadi. Na nilishaacha kuiamini ile router. Simu zilikuwa bado zinaingia. Kuzima Wi-Fi nayo haikuwezekana, kwa sababu waliokuwa wanarusha matangazo mubashara walikuwa wanatumia Wi-Fi hiyo hiyo. Nilitaka taa zangu zitoke kwenye ile njia kabisa.

Nikaenda ofisini. Pale ndipo nyaya mbili zinakutana kwenye router, wa kutoka kwangu na wa kwenda jukwaani. Nikizichomoa zote mbili na kuziunganisha zenyewe kwa zenyewe, laptop inaongea na kiboksi moja kwa moja, hakuna mtu katikati.

Kiungio sikuwa nacho. Switch ndogo ya kuunganishia nyaya ilikuwa dukani kwangu, duka limefungwa, na mpaka niende na kurudi boga na mkungu vingekuwa vimeshauzwa.

Nikatoa koleo mfukoni, nikakata plagi ya kwanza.

Katibu alikuwa amenifuata mpaka mlangoni.

"Fundi, unakata waya wa kanisa?"

"Nakata, Katibu. Kesho nitavuta mpya."

Nikakata na wa pili. Nikajua anafikiria kuniita mwehu mbele za Bwana. Halafu akavua miwani akaitia mfukoni mwa koti, akaja akaniwashia tochi ya simu yake.

Ndani ya waya wa network kuna nyuzi nane, ila kwa kazi hii zinazohitajika ni nne tu, jozi ya chungwa na jozi ya kijani. Nilizimenya kwa meno. Chungwa na chungwa, nyeupe yake na nyeupe yake, kijani hivyo hivyo. Nikasokota, nikafunga kila moja kwa tepu ya umeme. Kazi mbaya, mwanafunzi wangu angeileta ningemfukuza. Nje nilisikia boga linapandishwa bei ya mwisho.

Nilipita mbele tena nikakichomeka kiboksi, nikarudi kwenye laptop natembea haraka kuliko inavyoruhusiwa kanisani. Gift alishakaa kwenye kinanda ananitazama. Kina Sekela walishapanda, wamesimama mstari, mikono chini, mbele yao nyekundu.

Nikabonyeza nyeupe.

Nikaona nyuso kumi na mbili zinainuka kwa pamoja. Gift akaanza, nikawapa bluu, na mikono ishirini na minne ikaondoka mara moja.

Hakukuwa na mtu mbele yao. Hakuna anayewapigia mkono. Wale wageni hawakuelewa wanajuaje kuanza, nikaona mzee mmoja wa Mbangala anainama kutafuta aliyejificha.

Wimbo wa kwanza uliisha salama. Wa pili ndio wenye kasi, na ndio aliotunga Sekela. Ubeti wa kwanza sawa, kiitikio sawa. Ubeti wa pili nikafanya kosa, nikaacha kumsikiliza Gift nikawa namtazama mdogo wangu. Alikuwa anaimba amefumba midomo na uso wote unawaka. Niliposhtuka Gift alishaingia kwenye kiitikio. Nikabonyeza njano, nimechelewa. Wote kumi na wawili walisubiri taa, wakaingia na taa, pigo moja nyuma ya kinanda. Gift akawavuta polepole mpaka wakakaa sawa.

Mwisho nikabonyeza nyekundu. Kinanda na mikono vilikata pamoja.

Makofi yalikuwepo, ndiyo. Ila mimi nilikuwa namwangalia mkuu wa majaji. Hakupiga makofi. Alikuwa ameinamisha kichwa anaandika.

Matokeo yalitangazwa jioni ile. Wa saba kati ya tisa.

Mimi nilikuwa tayari kumkumbatia. Sekela alikuwa amenuna. Alichukua karatasi ya majaji, akaisoma amesimama, akaisoma tena, hakumwonyesha mtu. Mama yetu akamletea soda, hakuigusa. Siku mbili hakunisemesha, na nikawaza labda nimemuumiza kwa kumwingiza kwenye mashindano.

Siku ya tatu alikuja dukani. Akaiweka karatasi mezani juu ya nyaya zangu, akaweka kidole kwenye mstari mmoja. Umeandikwa kwa kalamu nyekundu: "Kiitikio cha pili, wimbo wa pili: mmechelewa kuingia. Maksi mbili zimeondolewa."

Akaniangalia. Kisha akasema kwa alama, taratibu, ili nisijifanye sijaelewa, "Hapa tungekuwa wa sita. Hapa ni wewe."

Nikamwambia pole. Akasema pole haina kazi, mazoezi ni Jumamosi saa nne, nisichelewe.

Alipotoka nilifunga duka kidogo nikalia, wakuu. Tangu ameanza kuimba hakuna mtu aliyewahi kumkata maksi.

Kwa hiyo somo langu ni hili, kwa fundi yeyote wa taa anayesoma. Taa zipe network yake peke yake, switch yake na nyaya zake, hata kama kanisa lina router nzuri kiasi gani. Kama ni lazima mchangie, namba ya kiboksi iweke nje ya zile zinazogawiwa na router. Na mkono wako ukiwa ndio mapigo ya watu wengine, macho yako weka kazini, mengine utayatazama kwenye video.

Waya wa kanisa nilishavuta mpya, Katibu alikuja mwenyewe kushika ngazi.

Sasa nyie mnaoendesha taa kwa network, makanisani au kwenye kumbi, njooni mseme. Hasa nataka kujua kama kuna njia ya taa kumfuata mpiga kinanda yenyewe bila kidole changu, au bora niendelee kufanya mazoezi na kidole. Wa kunitukana kwa kuunga waya kwa meno nao karibuni.

Ila mwenye ushauri wa maana aulete kabla ya Jumamosi. Kuna maksi mbili natakiwa kuzirudisha.